Vyumba vipo, tatizo hakuna anayejua viko wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako niseme jambo limenikaa moyoni tangu maji yalipotutoa watu majumbani. Tukio likitokea waandishi wanakuja, picha za magodoro na maturubai zinapigwa, halafu wiki ya pili kimya, na kiukweli wiki ya pili ndo kazi yenyewe inaanza. Mimi ni mmoja wa waliojitolea kwenye kamati ya mtaa ya kuwatafutia makazi ya dharura familia zilizopoteza nyumba. Sina taaluma ya mambo haya, nimejifunza kwa kukimbia usiku simu mkononi, na kila nikikumbuka siku zile najua kuna watu waliteseka sababu tu hatukuwa tumejipanga.

Usiku wa kwanza tulifanya ambacho kila mtu anafanya, tukafungua shule. Silaumu, mvua inanyesha watoto wanatetemeka unafungua mlango ulio karibu. Darasa moja likaingia familia 7, watu 38. Baadaye sana ndo nikaja kusoma mwongozo wa Sphere, ule ambao mashirika ya misaada yanautumia dunia nzima, unasema kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 chini ya paa, na hapo hujahesabu sehemu ya kupikia wala kuogea. Nikachukua futi nikaenda kulipima lile darasa, mita 7 kwa 8, yaani mita za mraba 56, sawasawa na watu 16. Nilikaa kwenye dawati pale ndani muda mrefu.

Vyoo navyo. Mwongozo huohuo unasema siku za mwanzo choo kimoja kisizidi watu 50, baada ya hapo mpambane kishuke mpaka watu 20, na vya wanawake viwe vitatu kwa kila kimoja cha wanaume. Sisi tulikuwa na vinne vinavyofanya kazi kwa shule nzima iliyojaa watu, hatukutenganisha chochote, na wanawake wakawa wanajibana mchana kutwa wanasubiri giza. Hakuna aliyetwambia. Ni binti mmoja tu alimnong'oneza mwenzetu kwenye kamati kwamba ameacha kunywa maji ili asiende chooni.

Watu wanadhani shida kubwa ya kulala darasani ni baridi au sakafu ngumu, lakini walio ndani watakwambia shida ni kwamba huna pa kujificha. Mama ananyonyesha watu wanapita, mgonjwa anatapika mbele ya watoto wa wenzie, mume na mke hawawezi hata kuulizana tutafanyaje kesho bila watu 30 kusikia. Japani baada ya tetemeko la 2011 yule msanifu majengo Shigeru Ban alienda kwenye kumbi za michezo walikolazwa watu akawa anasimamisha vijichumba kwa mabomba ya karatasi ngumu na mapazia ya kitambaa, basi, kila familia inavuta pazia lake. Kitu rahisi kiasi hicho. Sisi shuka tulikuwa nazo na kamba tulikuwa nazo na haikutujia akilini mpaka siku ya tisa.

Halafu shule ni shule. Wiki mbili zikaisha, wazazi wengine wakaanza kuuliza watoto watasoma lini, na wana haki. Tukazihamisha familia kwenda ukumbini, ukumbi nao ukahitajika, tukahamisha tena. Kuna familia ilihama mara 4 ndani ya miezi 2, na kila wakihama mtoto anabadili njia ya kwenda shule, baba anakuwa mbali zaidi na kibarua chake, mpaka yule mkubwa wao akaacha kabisa kwenda darasani. Nilishangaa nilipokuta Umoja wa Mataifa uliandika toka 1998 Kanuni Elekezi kuhusu watu waliohamishwa ndani ya nchi zao, na humo wametaja haki ya makazi, haki ya familia kutotenganishwa na haki ya watoto kusoma. Nasi tulikuwa tunawatafutia haki ya kwanza kwa kuwanyang'anya ya tatu.

Sasa nije kwenye hasa ninachotaka kusema. Wakati sisi tunahangaika na madarasa, vyumba vilikuwepo. Mtaani kwetu peke yake kulikuwa na nyumba zimefungwa wenyewe wako mbali, vyumba vya wapangaji vilivyokaa wazi miezi, stoo kubwa zenye dirisha na choo, vyumba vya nyuma ambavyo watoto wa wenye nyumba wameshaondoka. Nimekuja kuvijua baadaye, kimoja kimoja, mtu anakwambia kwani hukuniuliza mbona mimi nilikuwa na viwili. Hatukuuliza maana usiku wa maafa huulizi, unakimbia. Listi ya vyumba inatakiwa iwepo kabla, imeandikwa, ina jina la mwenye chumba na simu yake, wanaingia watu wangapi, kuna maji au hakuna, kuna ngazi au hakuna (mzee wetu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alipelekwa ghorofa ya pili, akakaa siku 6 bila kushuka), na mwenyewe yuko tayari kuwapokea watu kwa muda gani.

Na tusijidanganye kwamba watu wengi wanaopoteza nyumba wanaishia kambini. Wengi wanaenda kwa ndugu, kwa rafiki, kwa jirani aliye juu ya mlima. Hawa hawaonekani. Hawapigwi picha. Nitamsema mama mmoja, jina silitaji, anaishi vyumba viwili na wajukuu, akachukua familia ya watu 6 ambayo hata hakuwa anaijua vizuri. Wiki ya kwanza alikuwa anafurahi kabisa, nyumba imechangamka. Wiki ya tatu nilipopita nikamkuta amekaa nje peke yake, akanambia mwanangu siwafukuzi lakini nimechoka, maji yanaisha, kuni zinaisha, choo kimejaa, watoto wangu na wao wanagombana, na misaada inapita hapa mlangoni kwangu inaenda shuleni. Ilikuwa kweli. Waliokuwa wanagawa walikuwa na listi ya waliolala shuleni tu, aliyelala kwa mtu hesabuni hayupo. Mwishowe ile familia ikabeba mizigo ikarudi kulala sakafuni darasani ili iandikwe. Mhariri, watu waliokuwa na kitanda na mlango unaofungika waliviacha wakarudi kwenye msongamano kwa sababu ya fomu yetu. Hilo kosa ni la kwetu sisi tuliopanga.

Na haina haja ya kubuni chochote kipya, limeshafikiriwa. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa 2009 ukaanza kutumika 2012, unazitaka nchi ziwape waliohamishwa chakula, maji, makazi na matibabu, tena pale inapofaa misaada hiyo iwafikie na jamii zilizowapokea. Waliowapokea! Uingereza 2022 walipokuwa wanapokea watu kutoka Ukraine walisema mwenyeji akae nao angalau miezi 6 na serikali ikawa inamlipa pauni 350 kwa mwezi kama shukrani, na nyumba zilikaguliwa. Sisemi kila pahala patoe hela kiasi hicho, nasema walielewa kuwa ukarimu unakula gesi na maji na usingizi wa mtu, na anayeutoa akiachwa peke yake atachoka hata kama ana moyo wa dhahabu. Sisi tungeweza kumjazia yule mama pipa la maji, tukamwitia gari la kunyonya choo, tukampa magodoro mawili, na ile familia ingebaki pale.

Kwa wenye vyumba vya kupangisha mambo ni tofauti kidogo. Wengi niliowafuata hawakukataa kwa roho mbaya, waliogopa. Wanauliza nani atalipa, wasipotoka je, wakiharibu je. Haya ni maswali ya haki, majibu yake yasiwe maneno matamu, yawe karatasi. Andika tarehe ya kuingia na ya kutoka, nani analipa kodi na mpaka lini, mashahidi wawili, picha za chumba kabla mtu hajaingia, na namba ya mtu wa kamati ambaye akipigiwa anapokea. Tulipoanza kwenda na karatasi hiyo milango iliyokuwa imefungwa ikafunguka, nimeona kwa macho yangu, mwenye nyumba yuleyule aliyetukatalia Jumatatu tulirudi Ijumaa akatupa funguo.

Haiti baada ya tetemeko la 2010 watu kama milioni moja na nusu walikuwa kwenye kambi, na njia mojawapo iliyosaidia kuwatoa ilikuwa kuwalipia kodi ya mwaka. Familia inatafuta nyumba yenyewe, watu wanakuja kuangalia kama ni salama, kodi inalipwa, na ukipata ya bei ya chini chenji inabaki yako. Mimi hapo nilipenda hiyo ya kutafuta wenyewe. Sisi tulikuwa tunawapangia watu kama mizigo, tukawapa nyumba nzuri tu lakini iko mbali na shule na mbali na kazi, wakakataa, na mtaani watu wakaanza kusema hawana shukrani. Mama wa watoto wanne akikwambia hawezi kwenda kule ujue ameshapiga hesabu ya nauli wewe hujapiga.

Mahema na maturubai sisemi yatupwe. Kuna mahali hakuna chumba kabisa, na kuna mtu nyumba yake imeng'oka paa tu, huyu turubai la mita 4 kwa 6 na kamba na misumari vinamrudisha kwake leo leo, tena huyo angetakiwa kuwa wa kwanza kwenye foleni maana anapunguza idadi ya wanaotafuta pa kulala. Tulimpa wa mwisho. Ila hema nalo lina umri wake, jua na mvua mwaka mmoja tu linaanza kuchanika, na nimeona watu wanawekwa humo kama vile muda utasimama.

Kuna kitu kimoja nataka nikiseme kwa ukali kidogo. Kutafuta vyumba kwa haraka kusitufanye tukabidhi watu ovyo. Siku zile meseji zilikuwa zinaingia kwenye grupu, nina chumba naweza kuchukua wasichana wawili, na sisi kwa kuchoka tulikuwa karibu kusema haya asante. Mama mmoja kwenye kamati akagoma, akasema huyu tunamjua? Hatukuwa tunamjua. Kuanzia hapo hakuna aliyepelekwa nyumba ambayo watu wawili wa kamati, mmoja mwanamke, hawajaingia wakaona mlango una komeo kwa ndani, na kesho yake tunarudi, na wiki inayofuata tunarudi, tunaongea na wageni bila mwenyeji kuwepo. Mtoto aliyepotezana na wazazi hapewi mtu yeyote hata awe na nyumba kubwa vipi, anaandikishwa kwa watu wa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, maana mzazi wake anaweza kuwa analia kwenye shule nyingine kilomita tano tu kutoka hapo. Ilitokea.

Naomba basi kwa kupitia gazeti lako viongozi wa mitaa, nyumba za ibada, vyama vya wenye nyumba na hata vijana wenye magrupu yao ya simu, waanze hiyo listi saivi wakati ardhi ni kavu. Haihitaji bajeti, inahitaji daftari na watu wawili wenye miguu na subira. Gongeni mlango, ulizeni mara moja, rudini baada ya miezi 6 mwulize tena sababu vyumba vinajaa na watu wanahama. Na wale wanaogawa misaada, kwenye fomu yenu ongezeni mstari mmoja tu wa kuandika analala kwa nani, na huyo nani naye aandikwe.

Sisi daftari letu tumelifungua mwezi uliopita. Mpaka jana lina vyumba 23 na kumbi 2, na kwenye ukurasa wa kwanza yule mama wa vyumba viwili amekuja mwenyewe akasema andika na changu. Safari hii tumeandika na pipa la maji pembeni ya jina lake.

Wako,
Mjitoleaji wa kamati ya makazi ya mtaa