Barua ya wazi kwa Waziri Mudavadi: Kosovo tumeitambua kwa msingi gani?

Mheshimiwa Musalia Mudavadi, Waziri wa Mambo ya Nje, salaam kutoka Mombasa.

Nianze kwa kusema mimi sina neno na Kosovo, manake najua kuna watakaosoma kichwa tu waanze kutukana. Wale watu walionewa. Walikuwa mkoa wa Serbia wenye mamlaka yake ya ndani kwa katiba ya 1974 ya Yugoslavia, nchi ya zamani iliyokuwa na Serbia ndani yake, kiongozi wa Serbia Milošević akaja kuwapokonya 1989, walimu wa Kialbania wakafutwa kazi, masomo yakahamia majumbani kwa watu, halafu vita ya 1998 na 99 mpaka NATO wakapiga mabomu siku 78. Mke aliyepitia hayo humwambii arudi kwa mume yule yule.

Swali langu linatuhusu sisi. Tarehe 26 Machi 2025 Rais Ruto alitia saini kwamba Kenya inaitambua Kosovo kama nchi huru, na wengi wetu tukaisoma kwenye simu tu, imeshaisha. Sasa Februari 2022 si balozi wetu UN, Martin Kimani, alisimama Baraza la Usalama usiku ule wa Ukraine akaiambia dunia kwamba mipaka yetu Waafrika ilichorwa London, Paris na Lisbon lakini tuliamua kuishi nayo? Wallahi nilijiskia fahari. Ndio msimamo wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, tangu mkutano wa Cairo 1964. Kwa hivyo umebadilika, ama ni wa Afrika peke yake?

Serbia wanashika azimio 1244 la Baraza la Usalama la 1999, linalotaja mamlaka na mipaka ya Yugoslavia. Wenzao wa Kosovo wanashika maoni ya Mahakama ya Haki ya Kimataifa ya 2010, na hapa watu huchanganya sana, mahakama ilisema kule kujitangazia uhuru tarehe 17 Februari 2008 hakukuvunja sheria ya kimataifa, haikusema Kosovo ni nchi. Hata Umoja wa Ulaya wenyewe hawajakubaliana, Uhispania, Ugiriki, Cyprus, Romania na Slovakia wamekataa mpaka leo. Uhispania angalau tunajua kinachowasumbua, wana Catalonia yao, yenye watu wanaotaka kujitenga.

Na huko kwenyewe bado. Pale mji wa Mitrovica, kaskazini mwa Kosovo, ukivuka daraja la mto Ibar kuelekea kaskazini unakutana na bendera za Serbia. Kuna wakati gari likifika mpakani dereva alikuwa anabandika stika nyeupe kwenye namba ya gari kuficha alama za nchi ya mwenzake, ndio apite. Watu wazima hao.

Sasa rudi huku Pwani. Unakumbuka "Pwani si Kenya"? MRC, lile kundi lililotaka Pwani ijitenge, walikuwa wanatoa mkataba wa 1895 wa Mwingereza na Sultani wa Zanzibar juu ya ule ukanda wa pwani wa maili kumi, serikali ikawapiga marufuku 2010, mahakama ikaiondoa marufuku 2012. Mimi sikuwaunga mkono na siungi leo, lakini kijana akiniuliza barazani mbona Kosovo sawa na sisi tuliitwa wahalifu, nimjibu nini? Na wa Garissa je? 1962 tume iliwauliza watu wa NFD, ile wilaya ya mpakani kaskazini ya wakoloni, wengi wakataka kuungana na Somalia, kilichofuata ni vita vya Shifta. Halafu Mei 2025 Somaliland, waliojitenga na Somalia, wanafungua ofisi Nairobi, wizara yako hiyo hiyo inatoa taarifa kwamba Somalia ni moja. Hao Somaliland wamejitawala tangu 1991, na mpaka wanaodai ni ule ule wa Mwingereza!

Pengine jibu lipo. Kama ni yale mateso, semeni ni mateso na mateso ya kiasi gani. Kama ni biashara ama urafiki na Marekani pia semeni, tumeshazoea. Lakini lete taarifa bungeni Mheshimiwa, kamati ya mambo ya nje ikuulize maswali mbele ya kamera, na itoke kwa Kiswahili pia sio Kizungu cha kibalozi tu, ili huku tuweze kuisoma wenyewe tubishane nayo.