Mtoto apimwe kabla ya kuhamishwa shule

Mhariri,

Mtoto wa Gredi ya 3 anapohamishwa shule mara ya pili au ya tatu kwa sababu ya utundu, mara nyingi huwa hajafanyiwa tathmini hata siku moja. Huku Kisumu na kaunti jirani, wazazi hukimbilia kiboko, maombi au bweni. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza katazo hilo. Bweni nalo humtenga mtoto na watu wanaojua anavyolala na anavyokula, na hizo ndizo habari ambazo mtaalamu atazihitaji.

Kazi huanzia nyumbani, kwa daftari la kawaida la shule. Kwa wiki mbili andika kila tukio: siku, saa, mahali, kilichotangulia, alichofanya mtoto, alichukua dakika ngapi kutulia, na watu wazima walifanya nini baadaye. Hilo la mwisho husahaulika sana, ilhali ndilo lenye habari nyingi. Mtoto anayepindua dawati kila kipindi cha hesabu kisha akatolewa nje amekwisha kujua namna ya kukwepa hesabu. Anayezusha fujo kila siku mwendo wa saa nne asubuhi huenda alitoka nyumbani bila chai.

Mwalimu naye aombwe barua, tena ya vitendo, si ya lawama. "Ni mtukutu, hana adabu" haimsaidii yeyote. "Katika kipindi cha dakika 30 alitoka kitini mara saba, akamaliza maswali mawili kati ya kumi, na haitiki akiitwa kutoka nyuma" inasaidia, na hayo ya mwisho pekee yanatosha kumpeleka kwa mpimaji wa masikio kwanza.

Masikio na macho ndiyo yatangulie kwa kila mtoto. Sikio linalotoka usaha mara kwa mara hupunguza usikivu, na asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Anayeganda kwa sekunde kama kumi, macho yametumbuliwa mahali pamoja, kisha akaendelea kama kwamba hakuna lililotokea, huenda ana kifafa cha aina isiyoangusha mtu. Kanda hii ya ziwa ina malaria nyingi na selimundu pia, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu. Malaria iliyopanda kichwani huweza kuacha athari katika tabia na masomo miaka baadaye, na selimundu huweza kuleta kiharusi kidogo kisichotambulika kwa macho. Kwa hiyo beba kitabu cha kliniki na dawa zote anazotumia mtoto. Fenobabitoni, dawa ya kifafa inayotumiwa sana, huwafanya baadhi ya watoto wawe wakali na wasiotulia. Lakini usiikatize ghafla kwa kuwa umesoma haya, maana degedege huweza kurudi kwa nguvu. Mweleze daktari aamue.

Baada ya hapo kuna milango miwili ambayo watu huichanganya. Kituo cha tathmini ya elimu, maarufu EARC, ni mpango ulioanza nchini 1984. Hupima namna mtoto anavyojifunza, hupendekeza shule au msaada wa darasani, na hutoa rufaa. Hakiandiki dawa. Hospitali za rufaa, kama Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu au ile ya Moi kule Eldoret, hutafuta maradhi na kuyatibu. Mwenye ripoti ya hospitali pekee hukwama kwa mwalimu mkuu. Mwenye ya EARC pekee hukwama mtoto akihitaji matibabu.

Siku ya kupimwa, mtoto awe amelala na amekula. Usimpe Piriton, dawa ya mzio inayoleta usingizi, ili atulie kwenye matatu, kwani atapimwa akisinzia. Kama analelewa na nyanyake, nyanya ndiye aende. Mtoto aliyezoea Kidholuo au Kinyore nyumbani akiulizwa kwa Kiingereza ataonekana mzito, kwa hiyo dai aulizwe kwa lugha anayoijua. Na usishangae akikaa kimya kama malaika: chumba tulivu na mgeni mmoja huwatuliza watoto wengi. Hapo ndipo daftari lako linapofanya kazi.

Jina linalotolewa haraka kupita kiasi ni ADHD, yaani tatizo la kutotulia na kushindwa kumakinika. Halithibitishwi kwa damu wala kwa picha ya ubongo. Dalili zinapaswa ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, baadhi zilianza kabla ya miaka 12, na zinaonekana mahali zaidi ya pamoja. Zikijitokeza shuleni tu, chunguzeni shule: uonevu, au herufi anazoshindwa kuzisoma. Ukipewa jina hilo kwa dakika kumi, bila neno la mwalimu, tafuta daktari mwingine.

Mtoto mpole aliyebadilika ghafla hafai kungoja foleni ya tathmini. Huenda kuna aliyemdhuru, na simu 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Vivyo hivyo anayepoteza maneno aliyokuwa akiyajua, au anayejidhuru, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Usiondoke bila ripoti iliyoandikwa, yenye tarehe ya kurudi na maagizo mahususi kwa mwalimu: akae wapi, kazi igawanywe vipi, apumzishwe baada ya dakika ngapi. Baki na nakala halisi, shule ipewe kivuli.

Walimu wakuu wanaweza kurahisisha haya bila bajeti yoyote. Wabandike kwenye ubao wa matangazo mahali EARC ya kaunti ndogo ilipo na siku zake za kupima, na barua ya mwalimu itolewe wiki ileile mzazi anapoiomba.

Mwalimu wa elimu ya mahitaji maalum,
Kisumu