Uvimbe wa taya hausubiri dawa ya protini

Ndugu Mhariri,

Siku hizi habari za dawa za saratani zinazotengenezwa kwa protini zimejaa kwenye simu za watu. Kigoma zinatuhusu moja kwa moja. Jeni inayowindwa na mojawapo ya dawa hizo, MYC, ndiyo inayoharibika katika limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya wa watoto unaoonekana zaidi kwenye maeneo ya malaria kali kama yetu. Mara nyingi kipande cha kromosomu 8 chenye jeni hiyo huhamia kwenye kromosomu 14, na tangu hapo haizimiki.

Dawa nyingi za vidonge hupenya kwenye kishimo cha protini na kukiziba. KRAS, protini nyingine ya saratani iliyowashinda watafiti kwa miongo kadhaa, ilipatikana na kishimo cha namna hiyo, na kidonge chake cha kwanza kikaidhinishwa Marekani mwaka 2021. Protini ya MYC haina. Imelegea kama uzi mpaka ishikane na mwenzake, MAX, ndani ya kiini cha seli. Kwa hiyo watafiti wa Roma waliunda protini ndogo, Omomyc, yenye asidi amino (vipande vinavyojenga protini) 91, kwa kuiga sehemu ile ya kushikana na kubadilisha asidi amino nne. Protini hiyo hukalia nafasi ya MYC kwenye DNA, na jeni zilizokuwa zikiamriwa na MYC hutulia.

Matokeo ya jaribio la kwanza la Omomyc kwa binadamu yalitoka mwaka 2024. Wagonjwa walikuwa 22, wakipewa dripu kila wiki, na lengo lilikuwa kupima usalama na dozi. Kwa baadhi yao uvimbe uliacha kukua kwa muda. Walikuwa watu wazima wenye saratani nyingine, si watoto wenye Burkitt. Tunaomba gazeti lako litaje mambo hayo kila linapoandika habari kama hizi: jaribio limefika hatua gani, wagonjwa wangapi, saratani ipi.

Dawa ya protini haimezwi, maana tumbo huisaga kama linavyosaga dagaa. Rituksimabu, protini inayotumika tayari kwa limfoma, huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ikiganda imeharibika. Ikitikiswa inaweza kufanya mabonge, na mabonge huichokoza kinga ya mwili. Jokofu bila kipimajoto kinachosomwa asubuhi na jioni, au bila jenereta umeme unapokatika, halifai kuitunza. Hapo ndipo hospitali za wilaya zianze kujiandaa.

Lakini mtoto mwenye taya lililovimba leo asisubirishwe. Burkitt huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kinyama cha uvimbe kichukuliwe mapema kwa ajili ya kipimo, kitiwe kwenye formalini (maji ya kuhifadhia kinyama) ya asilimia 10 yenye ujazo mara kumi ya kinyama chenyewe, kisitumwe kikavu wala kwenye maji ya chumvi, kwa sababu seli zitaoza njiani na maabara haitasoma kitu. Dawa za saratani za siku zote, siklofosfamidi ikiwemo, huponya wengi wakiwahi. Kabla ya dozi ya kwanza apewe maji ya kutosha kwa dripu pamoja na alopurinoli, dawa ya kulinda figo, kwani uvimbe huyeyuka haraka na taka zake huziba figo.

Wataalamu wa maabara na famasi,
Kigoma Ujiji