Tochi moja tu kliniki ya watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie saratani ya watoto, hasa kwetu sisi tunaoishi mikoa ya kati.

Mjukuu wangu alipokuwa na umri wa miezi 14, mama yake aliona mboni ya jicho la kushoto iking'aa nyeupe, kama jicho la paka lililomulikwa usiku. Alimpeleka zahanati mara tatu, na mara zote alirudi na dawa ya macho ya kupaka. Majirani walisema mtoto ametupiwa jicho; sikuwalaumu, kwa kuwa hata waliosomea kazi hiyo hawakuwa na maelezo bora zaidi. Barua ya rufaa ilipoandikwa, miezi mitano ilikuwa imekwisha kupita na jicho limeanza kutokeza nje. Ilikuwa saratani ya jicho, ikabidi liondolewe.

Baada ya upasuaji zikafuata dozi sita za dripu ya dawa za saratani jijini Dar es Salaam, kila baada ya wiki tatu. Sera ya Serikali inamsamehe mtoto aliye chini ya miaka mitano gharama za matibabu, nasi tunaishukuru, lakini haimlipii mama nauli wala mahali pa kulala. Treni ya mwendokasi imeifupisha safari, ila haijafupisha bei ya mbuzi wanne tuliouza. Wodini tulikutana na mama wa Manyoni ambaye dozi iliyofuata hakuonekana tena.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Nyingi ya saratani hizi hazina kinga, tofauti na ile ya mlango wa kizazi ambayo wasichana wetu wanachanjwa, kwa hiyo lililobaki ni kuzigundua mapema na kuhakikisha mtoto anamaliza dozi.

Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma imekwisha kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa, kwa watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ombi langu la kwanza ni uwezo wa namna hiyo utumike vizuri, ili mtoto wa Kondoa au Mpwapwa aliyekwisha kuanzishiwa tiba Dar es Salaam aweze kupata dozi zinazofuata karibu na kwao, chini ya maelekezo ya mabingwa wa huko.

Ombi langu la pili halihitaji jengo. Mjukuu wangu alichomwa chanjo ya pili ya surua akiwa na miezi 18, wakati huo jicho likiwa jeupe mwezi wa nne. Kadi yake ninayo: uzito umeandikwa, tarehe imeandikwa, muhuri umepigwa. Wizara iagize kila mtoto anayeletwa chanjo hiyo amulikwe macho kwa tochi, na mama aulizwe kama ameona uvimbe wowote tumboni au shavuni.

Mwalimu mstaafu,
Kongwa, Dodoma.