Pombe ya asali si lazima iwe tamu

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniuma kweli. Wengi wanaotengeneza pombe ya asali nyumbani wanashindilia asali mpaka kitu kinakuwa sharubati, halafu anayeonjeshwa anasema aah mimi pombe ya asali siipendi, kumbe hajawahi kunywa iliyo kavu, ile ambayo sukari yote imeliwa na hamira ikabaki harufu ya maua na ukali kidogo mdomoni.

Jamani ukavu unaamuliwa siku ya kwanza. Asali ni sukari kama asilimia 80 hivi, sasa ukiweka gramu 400 kwa lita, hamira ya mkate inazidiwa na kilevi ilichotengeneza yenyewe na utamu unabaki humo humo. Weka gramu 250, jaza maji mpaka ifike lita moja, italiwa yote na utapata kilevi karibu asilimia 10, inatosha kabisa. Na asali msichemshe, harufu inaondoka na mvuke, na kwenye pombe kavu harufu ndo kila kitu.

Halafu kuna njaa. Asali ina sukari tele lakini naitrojeni kidogo mno, hamira ikikosa chakula inakwama njiani na ndoo inaanza kunuka yai viza, watu wanadhani imeoza wanamwaga!! Chemsha kijiko cha hamira ya mkate mpaka ife, ipoe, uitie kidogo kidogo siku tatu nne za mwanzo huku unakoroga, ile hai inakula iliyokufa. Zile zabibu kavu chache mnazoelekezana hazisaidii kitu. Baada ya hapo funika usiguse, hewa ya mwishoni inaharibu ladha.

Mapovu kuisha siyo dalili kwamba imekuwa tayari. Tumieni haidromita, kile kipimo kinachoelea kwenye pombe kuonyesha uzito wake ukilinganisha na maji (maji matupu ni 1.000, sukari ikiwepo namba inapanda), ikisoma 1.000 au chini yake, hata 0.996, na wiki inayofuata ikasoma vilevile, hapo ndo ujaze chupa. Ukiwahi kuziba wakati sukari bado ipo chupa zinapasuka na vioo vinaruka, mtu anaweza kupoteza jicho.

Ikiwa changa itakuwa kali na mkono utakuwasha kuongeza asali, acha kabisa, ipe miezi sita italainika. Mhariri mkichapisha tena mapishi ya vinywaji naomba na hii kavu iwepo.

Msomaji wenu wa kila siku