Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wangapi, na Wako Ngazi Gani?

Ndugu wanachama,

Karibuni, na poleni kwa safari. Waliotoka Arua walisafiri usiku kucha wakawahi. Wa Bombo, walio karibu kuliko wote, wamefika wa mwisho kama kawaida yao.

Mkutano uliopita mlitutuma jambo moja: tutafute hesabu zinazoonyesha ni nani walioajiriwa katika ofisi za umma za Uganda, na wamekaa ngazi zipi. Tulidhani ni kazi ya miezi mitatu. Imetumaliza mwaka mzima wa fedha, Julai hadi Juni, na bado hatujafika.

Tulianza na cheti. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, bajeti inatakiwa iende na cheti cha jinsia na usawa, anachokitoa Waziri wa Fedha kwa kushauriana na Tume ya Fursa Sawa. Wengi wetu, nami nikiwamo, tuliamini kwamba ofisi yenye cheti inaajiri kwa haki. Sivyo. Kinachopimwa ni mipango na bajeti: je, fedha zimepangwa kwa kuwakumbuka wanawake, vijana, wazee, watu wenye ulemavu na maeneo yaliyoachwa nyuma? Ofisi yaweza kupata alama nzuri kwa mradi wa visima huku ghorofa yake ya juu imekaliwa na watu wa aina moja. Sisemi cheti ni bure. Kabla yake, watu wa mipango hawakulazimika hata kulijibu swali hilo. Ila kwa kazi mliyotutuma, cheti hakitoshi.

Basi tukaandika barua tisa, tukitumia Sheria ya Kupata Habari ya 2005, inayoipa ofisi siku 21 kujibu. Tatu zilijibiwa kwa wakati. Moja ilijibiwa kwa simu: “Mwenyekiti, hasa unatafuta nini?” Zilizobaki tunazingoja.

Jibu mojawapo lilipendeza hadi katibu akataka tuliandikie barua ya pongezi. Wanawake walikaribia nusu ya wafanyakazi, na watu wenye ulemavu walikuwamo. Mweka hazina wetu, mama aliyeshika orodha za mishahara tangu nikiwa shuleni, akauliza neno moja tu: ngazi? Mnajua ngazi zetu za mshahara husomwa kinyume. U8 ndiyo ya chini, ya wahudumu na madereva, na kadiri mtu anavyopanda namba inapungua hadi U1. Tuliomba mchanganuo. Ulipokuja, wanawake walijaa U7 na U8, na watu wote wenye ulemavu walikuwa mapokezi au kwenye simu. Jumla ilikuwa ya kweli, nayo ilitudanganya. Tangu siku hiyo hatupokei jumla tupu.

Tuliuliza pia hesabu ya ulemavu inafanywaje. Ofisa utumishi mmoja alituambia, bila kuona haya, kwamba alihesabu kwa macho. Asiyesikia, mwenye kifafa, anayeona kwa shida, hao wote hawamo. Lakini hata fomu ikitolewa, wapo wasioijaza, na siwalaumu. Mtu akiandika kwamba haoni vizuri, atahofia kuachwa kwenye orodha ya safari, na safari ndiyo posho, na posho ndiyo karo ya watoto.

Lililoniuma zaidi ni la mwenzetu asiyesikia. Aliitwa kwenye usaili katika ofisi ambayo sitaitaja. Alikuta jopo limekaa, mkalimani wa lugha ya ishara hayupo. Akaambiwa aandike majibu yake, kwa dakika zile zile walizopewa wengine kusema. Hakupata kazi. Katiba ya 1995, katika malengo yake ya taifa, inaitaka serikali kukuza lugha ya ishara. Ofisi ile hata haikuuliza anahitaji nini. Sasa, kwenye taarifa yao ya mwaka, mwenzetu huyu ataandikwa wapi? Taarifa huhesabu walioingia. Waliogonga mlango wakarudi hawana safu. Kuanzia sasa barua zetu zitadai pia idadi ya walioomba na ya walioitwa.

Kuhusu kabila, kamati iligawanyika, na si siri. Wapo waliotaka safu ya kabila: Katiba ilianza na orodha ya jamii 56, marekebisho ya 2005 yakafikisha 65, basi tuone ni ngapi zimo maofisini. Wengine walisema ofisini ukiuliza kabila umeanzisha vita vya chai. Mimi niliegemea kuuliza wilaya ya nyumbani. Mjumbe mmoja akanikata: jamii ndogo zitapotea, Mnubi wa Bombo atamezwa ndani ya wilaya ya Luweero, na Mwik atapotea ndani ya eneo la Karamoja. Sikuwa na jibu. Mtaamua nyinyi leo mchana.

Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria za kuvunja baadhi ya mashirika ya serikali na kurudisha kazi zake wizarani, yakiwamo lile la barabara na lile la kahawa. Tulipaswa kuuliza nani anabaki na nani anaondoka, kwa ngazi na kwa jinsia. Tulichelewa. Swali kama hilo huulizwa kabla watu hawajafungasha.

Na sisi je? Kamati yetu ina watu tisa, wanawake watatu. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili, ngazi tupu, na mwanachama mwenye kiti cha magurudumu alibebwa kama gunia kuja kudai haki zake. Tumehama mwezi wa Machi. Tuko chini, jirani na kinyozi. Redio yake haizimwi, lakini mlango ni mpana.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Nitasema tu kwamba barua na nauli zimekula kuliko tulivyopanga, na ada za wengi wenu hazijafika.

Fomu mpya za wanachama ziko kwa katibu: ngazi ya mshahara, mwaka wa kupandishwa mara ya mwisho, mahitaji kazini. Jina si lazima. Anayetaka ya nukta nundu amwambie kabla ya chakula, maana mashine ni ya kuazima na mwenyewe anaitaka saa kumi.