Kanisa la Machen halikuzaliwa kwa uroho wa vyeo

Mhariri,

Kanisa likigawanyika, watu husema ni vita vya vyeo na sadaka, na mara nyingi husema kweli. Lakini naomba nafasi nilitetee kanisa moja dogo la Marekani, Orthodox Presbyterian Church, ambalo hutiwa kwenye kapu hilo bila kusikilizwa.

Lilianzishwa Philadelphia tarehe 11 Juni 1936 na wachungaji na wazee wachache wakiongozwa na J. Gresham Machen, aliyewahi kufundisha Agano Jipya katika seminari ya Princeton. Chanzo kilikuwa umisheni. Mwaka 1932 ilitoka ripoti iliyowashauri wamishonari watafute ukweli pamoja na dini nyingine, badala ya kuwaita watu kwa Kristo kama mwokozi pekee. Pearl Buck, mmishonari wa Kipresbiteri huko China, aliisifu. Swali la Machen, kwa maneno yangu, lilikuwa hili: je, ni halali sadaka ya mjane anayeamini kuwa Yesu alifufuka imlipe mhubiri ambaye kwake kufufuka au kutofufuka ni mamoja? Hakuridhishwa na majibu ya bodi ya umisheni ya kanisa lake la wakati huo, Presbyterian Church in the U.S.A., na mwaka 1933 yeye na wenzake wakaunda bodi huru ya umisheni.

Mwaka 1934 Mkutano Mkuu wa kanisa hilo ukawaamuru waiache bodi hiyo. Ulisema hata kwamba muumini anayekataa kuchangia umisheni ulioidhinishwa ni sawa na anayekataa Meza ya Bwana. Hapo ndipo ninapoumia kila nisomapo habari hii. Machen alipofikishwa mbele ya tume ya presbiteri, yaani baraza la wachungaji na wazee wa eneo, mwaka 1935, alizuiwa kujitetea kwa hoja za mafundisho, na hata kuuliza kama amri yenyewe ilikuwa halali. Akasimamishwa uchungaji. Mtu alihukumiwa kwa kutotii, na jambo lililomfanya asitii halikujadiliwa kamwe.

Waliotoka hawakutajirika. Wengi waliacha majengo waliyoyajenga wenyewe. Kanisa mama likawashtaki hata kwa ajili ya jina lao la kwanza, Presbyterian Church of America, ndiyo maana tangu 1939 wanatumia hili la sasa. Machen alikufa kwa nimonia Bismarck, North Dakota, tarehe 1 Januari 1937, kanisa likiwa halijafikisha mwaka. Katika simu ya maandishi aliyomtumia rafiki yake John Murray, alishukuru kwa utii wa Kristo, akisema bila huo hakuna tumaini.

Sisemi walikuwa malaika. Mwaka huohuo wa 1937 wakagawanyika tena, kundi la Carl McIntire likienda zake kwa sababu ya ubishi juu ya unywaji wa pombe na mafundisho ya siku za mwisho. Huo mgawanyiko siutetei.

Imani yao si ngeni kwa Mpresbiteri wa hapa: Biblia isiyo na kosa, Ungamo la Westminster (tamko la imani la Wapresbiteri) na katekisimu zake, Mungu kuchagua watu wake kwa neema tupu, ubatizo wa watoto wachanga, uongozi wa wazee. Tofauti ni kwamba mchungaji akiapa kuyashika, anatarajiwa ayashike kweli.

Wala si habari ya Wamarekani peke yao. Wamishonari wao wamefanya kazi Uganda, Mbale na Karamoja. Swali la Machen, mhubiri anayetumwa kwetu atahubiri nini, lilituhusu sisi tuliopelekewa kuliko waliolipigania. Basi wanaolicheka kanisa hili kwa udogo wake na wajibu kwanza swali hilo, ambalo tume ya 1935 ilikataa kulisikia.

Mzee wa Kanisa,
Thika